Ndugu yako wa maabara kijijini anataka kurudi shule: maswali ya kuuliza kabla hujatuma hela

Kati ya meseji zinazoingia kwenye simu usiku huku Texas tukiwa tumelala, ipo moja ambayo kuijibu si rahisi. Si ya msiba, si ya karo ya mtoto, si ya mabati. Ni ya mdogo wako, au shemeji, au binti wa shangazi, anayefanya kazi maabara ya zahanati au kituo cha afya huko kijijini. Anaandika: "Dada, nataka kurudi shule nijiendeleze. Nisaidie ada."

Ugumu wake ni kwamba huyu tayari ana kazi. Wewe unabeba maboksi Irving, unasafisha nyumba za watu Sugar Land, unalea mzee wa watu Plano, au unapandisha drywall Fort Worth kwenye joto la Agosti, na yeye anapokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Mbona tena mimi? Basi wengine hutuma bila kuuliza kwa kuona aibu, na wengine hukataa bila kuuliza kwa hasira. Wote wawili wanaweza kupata hasara. Tuliangalie jambo hili kama tunavyoangalia kiwanja au biashara: ni kitu gani, kinagharimu nini, kitarudisha nini, na hela inapitia wapi.

Kwa nini mtu wa maabara haachi kusoma

Maabara ya kijijini mara nyingi ina mtu mmoja au wawili. Huyo huyo ndiye anayetoa damu, anayesoma malaria kwenye hadubini, anayepima sukari, wingi wa damu, mkojo, VVU na makohozi, anayeandika daftari na kuagiza vitendanishi. Hakuna mkubwa wa kumwangalia begani. Akikosea, hakuna wa pili wa kusahihisha. Na kipimo kikisomwa vibaya, hata daktari hodari atatibu ugonjwa usiokuwepo. Kundi la damu likikosewa kwa mama aliyejifungua na kupoteza damu, hakuna cha kusubiri kesho.

Kazi yenyewe nayo haikai mahali pamoja. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo apewe dawa. Kabla ya hapo, homa kwa wengi wetu ilikuwa ni malaria tu, unapewa dawa unaenda nyumbani. Desemba mwaka huo huo shirika hilo likapitisha mashine ya GeneXpert kwa kifua kikuu, inayotoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi na kuonyesha kama vijidudu vimeshakuwa sugu kwa rifampicin. Mwaka mmoja nyuma, 2009, pale Kigali, ulizinduliwa utaratibu wa kuzipa maabara za Afrika nyota, kuanzia sifuri mpaka tano, kufuatana na ubora wa kazi, pamoja na mafunzo ya usimamizi wa maabara yanayojulikana kama SLMTA. Halafu 2020 ikaja korona.

Sasa fikiria ndugu yako aliyemaliza cheti chake 2006. Yote hayo yamekuja akiwa kazini, kilomita nyingi kutoka mjini, na intaneti ya kubahatisha. Anapokwambia anataka kusoma, huenda si tamaa ya cheo. Huenda ameona kazi inamshinda kasi.

Na usisahau upande wako. Mama yako anapougua, kabla hajapelekwa hospitali ya mkoa kwa hela utakayotuma wewe, anapimwa pale pale. Jibu sahihi la mapema ni nafuu kwako pia.

Ombi la aina gani? Yapo matatu

"Kujiendeleza" ni neno moja lenye bei tatu tofauti. Kabla ya kutaja kiasi, jua ni lipi.

*La kwanza ni leseni na pointi.* Kenya, mtu wa maabara yuko chini ya bodi inayoitwa KMLTTB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, na leseni yake ya kazi ni ya mwaka mmoja mmoja. Tanzania kuna Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, lililotokana na sheria ya 2007. Uganda wako chini ya baraza la AHPC. Mabaraza haya hutaka mtu aonyeshe kwamba ameendelea kujifunza akiwa kazini, na wenyewe huita CPD. Pointi hupatikana kwa semina, mikutano, mafunzo ya kazini na kozi za mtandaoni. Hapa gharama huwa ni ada ya leseni, nauli na bando. Ni hela ndogo, lakini ikikosekana mtu anaweza kujikuta kazini bila leseni halali. Ukiombwa hii, usiidharau.

*La pili ni kozi fupi:* kusoma malaria kwa hadubini, usalama wa maabara, udhibiti wa ubora, kutunza mashine. Hapa uliza swali moja: je, haipatikani bure? Nyingi zinapatikana. CDC ya Marekani ina kozi za maabara mtandaoni ambazo hazilipiwi. ASLM, chama cha tiba ya maabara cha Afrika chenye makao Addis Ababa kilichoanzishwa 2011, huendesha mafunzo mtandaoni na vikao ambapo watu wa maabara wa nchi mbalimbali hukutana kwa video kujadili kazi zao. Vikao vya namna hiyo vinafuata mtindo ulioanza 2003 New Mexico, jirani zetu hapa, pale daktari Sanjeev Arora alipoanza kuwafundisha kwa video madaktari wa vijijini kutibu homa ya ini aina ya C bila kuwahamisha vituo vyao. Mtu wa kijijini habanduki kituoni, elimu ndiyo inayomfuata. Kwa kozi za aina hii, msaada wako bora si ada. Ni bando la mwezi, simu nzuri au laptopu ya mtumba, na labda sola ya kuchajia. Kama unataka kutuma zawadi, kitabu cha Monica Cheesbrough cha kazi za maabara za wilaya katika nchi za joto, chenye juzuu mbili, watu wa maabara wanakijua na wanakiheshimu.

*La tatu ni kupanda ngazi:* kutoka cheti kwenda stashahada, au stashahada kwenda shahada. Kenya kuna pia stashahada ya juu ya fani moja, kama vile elimu ya damu au ya vijidudu. Hapa ndipo hela nyingi iliko, na ndipo watu wanapolizwa. Sehemu iliyobaki ya makala hii inahusu zaidi ombi hili.

Chuo kwanza, ada baadaye

Chuo kuwa na jengo, bango na ukurasa wa Facebook hakumaanishi kwamba kinatambuliwa. Mtu anaweza kumaliza miaka yake, akafanya sherehe, akapiga picha na joho, kisha akafika kwenye baraza akaambiwa hatusajili wa chuo hicho. Hela yako haitarudi, na miaka yake haitarudi.

Kwa Tanzania, vyuo vya kati vya afya viko chini ya NACTVET. Baraza hilo hutoa mwongozo wa udahili wenye majina ya vyuo na kozi zilizosajiliwa. Angalia jina la chuo, halafu angalia kama kozi ya maabara yenyewe imo, maana chuo kinaweza kusajiliwa kwa uuguzi lakini si kwa maabara. Ngazi ya 4 na ya 5 ni za cheti, ya 6 ni stashahada. Kwa shahada, unaangalia TCU. Vyuo kama MUHAS cha Dar es Salaam na CUHAS Bugando cha Mwanza vinajulikana kwa fani hii.

Kwa Kenya, swali si kama chuo kipo, swali ni kama KMLTTB imekiidhinisha kufundisha maabara, na kama mwanafunzi atasajiliwa na bodi tangu anapoanza. KMTC ndicho chuo cha serikali chenye matawi nchi nzima, na kwa wengi ndicho mahali pa kuanzia kulinganisha.

Kazi hii ya kukagua unaweza kuifanya mwenyewe kwa simu ukiwa kwenye basi la DART au METRO. Usimwachie ndugu yako peke yake. Si kwamba humwamini, ila yeye ana hamu, na mwenye hamu haoni matundu.

Uliza pia mkopo. Kenya, HELB huwakopesha wanafunzi wa KMTC. Tanzania, HESLB kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 ilifungua mikopo kwa baadhi ya kozi za stashahada, za afya zikiwemo. Orodha ya kozi na masharti hubadilika, kwa hiyo aangalie ya mwaka huu, na aangalie kama maabara imo na kama aliye kazini anakubaliwa.

Mwajiri amesema nini?

Hili swali wengi hatuliulizi, na ndilo linaloamua kama hela itarudi.

Kwa mtumishi wa serikali Tanzania, ruhusa ya masomo hutoka kwa mwajiri, ambaye kwa zahanati na vituo vya afya vya umma ni halmashauri. Akienda na ruhusa ya maandishi, kwa kawaida mshahara unaendelea. Akienda bila ruhusa, anahesabika mtoro, na unaweza kujikuta unalipa ada, chakula na kodi ya nyumba ya mtu ambaye kazi nayo imekwenda. Kenya, afya ilihamia kaunti mwaka 2013, kwa hiyo ruhusa inatoka kaunti, na kaunti inaweza kumtaka asaini kwamba atarudi kufanya kazi kwa muda fulani.

Halafu kuna mambo ya baada ya kuhitimu. Cheti kipya hakibadilishi mshahara siku hiyo hiyo. Lazima abadilishiwe kada, na hilo linategemea nafasi na bajeti. Wapo wanaomaliza stashahada na kuendelea kulipwa kama wa cheti huku wakisubiri barua. Si sababu ya kutosoma, ila ni sababu ya kutopanga kana kwamba hela itaanza kurudi mwezi unaofuata.

Na muulize: kituoni atabaki nani? Kama yuko peke yake, ruhusa inaweza kuchelewa mpaka apatikane wa kumshikia. Kuna vyuo vinavyopokea walio kazini kwa utaratibu wa vipindi. Kama ipo njia ya kusoma bila kuondoka kabisa, maabara haifungwi na mshahara haukatiki.

Piga hesabu nzima, si ada peke yake

Mwambie akuandikie karatasi moja: ada, mitihani, usajili wa baraza, koti na vifaa, chumba, chakula, nauli, na gharama za mafunzo kwa vitendo. Ada hutajwa kwanza kwa sababu ndiyo inayojulikana. Chumba na chakula ndivyo vinavyokuja kukusumbua mwezi wa tatu.

Tuseme jumla imetoka dola 1,800 kwa mwaka. Yeye mwenyewe anaweza kuchangia kiasi gani kutoka mshahara wake? Hata kidogo, kiwepo. Anayeweka mkono wake mfukoni hasomi kwa mzaha. Tuseme anabeba 600. Zimebaki 1,200. Mkiwa ndugu wawili ughaibuni, wewe Houston na mwingine Muscat, kila mmoja ana 600 kwa mwaka, yaani 50 kwa mwezi. Hiyo inaingia kwenye bajeti. Dola 1,800 za ghafla mwezi wa Septemba haziingii, na ndizo zinazowapeleka watu kwenye mikopo ya siku ya mshahara, ambayo riba yake inakula kuliko panya.

Fungua akaunti ndogo ya akiba kwa kazi hii tu, au chukua zamu yako ya chama au mchezo iangukie mwezi wa ada. Na kiasi mlichokubaliana, kiseme waziwazi: hii ni zawadi, au ni mkopo, au ni kwa masharti kwamba akimaliza yeye atamsomesha anayefuata. Hilo la mwisho ndilo limejenga familia nyingi kwetu, lakini lisemwe mwanzoni. Likisemwa mwishoni ni ugomvi.

Kutuma: usipoteze njiani

1. *Lipa chuo chenyewe inapowezekana.* Vyuo vya umma Tanzania hutoa namba ya kumbukumbu ya malipo. Kenya, lipa kwa njia rasmi iliyoandikwa kwenye barua ya kujiunga. Namba ya simu ya "mhasibu" si akaunti ya chuo. Matumizi ya kawaida ndiyo mtume kwa M-Pesa au kwa njia nyingine ya simu.

2. *Acha keshi.* Tangu tarehe 1 Januari 2026, serikali ya Marekani inatoza kodi ya asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje pale mtumaji anapolipa kwa keshi, moni oda au hundi ya benki. Ukilipia kutoka akaunti ya benki ya Marekani, au kwa kadi ya debiti au krediti iliyotolewa Marekani, kodi hiyo haikugusi. Kwa dola 600 ni dola 6, chakula cha mchana cha siku moja. Lakini angalia kadi ya krediti: benki inaweza kuihesabu kama kutoa keshi na kukukata ada na riba. Debiti ni salama zaidi. Kama huna akaunti, baadhi ya benki na vyama vya akiba na mikopo hufungua kwa pasipoti na ITIN.

3. *Linganisha kinachofika, si kinachokatwa.* Tangazo la "ada sifuri" linaweza kuficha kiwango kibaya cha kubadilisha. Tuseme kampuni moja inakupa shilingi 129 za Kenya kwa dola na nyingine 126. Kwa dola 600, ya kwanza inafikisha 77,400, ya pili 75,600. Tofauti ni shilingi 1,800, na hakuna aliyekwambia umelipa ada.

4. *Tuma mara chache, kiasi kikubwa kidogo.* Kama kila safari ni dola 4, kutuma kila mwezi ni dola 48 kwa mwaka. Kutuma kwa muhula, mara tatu, ni dola 12. Hela ya chakula tuma kila mwezi, hela ya ada iache ikusanyike.

5. *Jua haki yako.* Sheria ya Marekani inailazimu kampuni ikuonyeshe kabla hujalipa ada, kodi, kiwango cha kubadilisha na kiasi kitakachofika. Una dakika 30 baada ya kulipa za kughairi na kurudishiwa, mradi pesa haijachukuliwa. Kosa likitokea, una siku 180 za kulalamika. Tunza risiti.

Na wewe uliyeacha hadubini nyumbani

Miongoni mwetu wapo waliokuwa watu wa maabara Kisumu, Goma au Tabora, na leo wanafua mashuka Gulfton au wanapaka rangi Arlington. Kwako wewe, mwanafunzi wa kulipiwa anaweza kuwa wewe mwenyewe.

Texas si miongoni mwa majimbo yanayodai leseni ya jimbo kwa wafanyakazi wa maabara. Kinachotawala ni sheria ya shirikisho iitwayo CLIA, ya 1988, na masharti ya mwajiri, ambaye mara nyingi hutaka cheti cha ASCP au AMT. Hatua ya kwanza ni kupeleka matokeo yako ya chuo yatathminiwe, somo kwa somo, na shirika lililo mwanachama wa NACES. Usikisie ngazi yako. Isubiri ile karatasi, ndiyo itakayokuonyesha mlango.

Ukihitaji kusoma tena, Houston Community College ina programu ya fundi wa maabara katika kampasi ya Coleman, na Dallas College inayo El Centro. Kwa shahada kuna UTMB Galveston na Tarleton State upande wa Fort Worth. Wengine huanza na kozi fupi ya kutoa damu ili waingie hospitali kwanza. Kama una kibali cha kufanya kazi, pita ofisi za Workforce Solutions za eneo lako uulize kama unastahili kulipiwa mafunzo.

Na ukishapata cheti usidhani umemaliza. ASCP humtaka fundi wa maabara pointi 36 kila miaka mitatu. Ni lile lile linalomhangaisha mdogo wako kijijini. Basi someni pamoja: kozi za bure mtandaoni hazijali uko Alief au Alego. Kumbuka tu saa. Nyumbani wako mbele yetu saa nane majira ya joto, saa tisa majira ya baridi. Wewe ukitoka kazini saa kumi na mbili jioni, kwake ni usiku wa manane.

Meseji ya kumjibu

Ukikosa maneno, nakili haya:

"Mdogo wangu, nimefurahi unataka kusoma. Nitakusaidia, ila nitumie kwanza vitu vitano: jina kamili la chuo na kozi, ushahidi kwamba baraza linakitambua, barua ya ruhusa ya mwajiri, karatasi ya gharama zote za mwaka, na kiasi utakachochangia wewe. Ada nitalipa chuoni moja kwa moja. Matokeo ya kila muhula nitayaona kabla ya muhula unaofuata. Leseni yako ya mwaka huu imeshalipiwa? Kama bado, tuanze na hiyo."

Akivileta vyote vitano, hiyo ni hela inayostahili kutumwa. Akikasirika, mpe wiki moja kisha muulize tena kwa upole.